Ree Mbili Mkononi: Kulipa Dau au Kulipandisha

Imekuwa ada ya vijana wa kijiji cha Mwamgongo, katika siku za mbalamwezi ambapo taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwavuta dagaa na mitumbwi hulala mwaloni, kujikusanya na kucheza karata. Na tangu mchezo wa poka uwafikie kwa njia ya simu, imeenea baina yao dhana ambayo naiona kuwa ni kosa kubwa la tadbiri, nayo ni kwamba aliyepewa karata nzito sharti azifiche, alipe tu dau la mwenzake kwa unyonge, na kungoja mwisho ndipo adhihirishe alichonacho. Habari ya fedha siisemi: michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi yake, na wasio na leseni wachezee punje za maharage.

Asili ya dhana hii si ngumu kuitambua. Waliolelewa katika arubastini na michezo mingine ya turufu wamezoea kuiweka turufu kubwa hadi wakati wake, na wamefanya vyema, kwani turufu haipungukiwi na thamani kwa kungojewa. Katika poka, ambamo kila mtu hushika karata mbili na kushirikiana na wenziwe zile tano zinazofunuliwa mezani, hali ni kinyume kabisa. Ree mbili, ambazo ndizo bora kupita zote mwanzoni, na ambazo kwa wastani hazimjii mtu ila mara 1 katika kila migao 221, hushinda takriban mara 85 katika 100 zikikabiliana na mtu mmoja mwenye karata zozote. Walakini wakiachwa wapinzani watano wakae mpaka karata ya mwisho, ushindi huo hushuka hadi mara 49 hivi. Basi yule ambaye, dau likiwa limekwisha kupandishwa na mmoja na wengine wangali nyuma yake wakingoja zamu, analipa tu badala ya kulipandisha tena, huwa amewakaribisha kwa bei rahisi hata wenye saba na nane za kopa waje kutafuta bahati. Wala mwenye ree mbili hapandishi ili wote wakimbie, bali ili wenye karata hafifu walipe ghali. Na aghalabu, kwa tamaa, hulipa. Vijana wawezao kukadiria kwa jicho thamani ya dagaa kabla hawajapimwa hawashindwi na hesabu hii, na ndiyo maana nasikitika kuona wakiiacha.

Najua mtu wa ukanda huu aweza kunijibu kwa kisa cha Figan, sokwe wa Gombe, hifadhi iliyo kusini mwa kijiji hiki hiki, ambaye habari zake ziliandikwa na marehemu Jane Goodall. Figan, akiwa bado kijana, alipata ndizi akapiga kelele za furaha, madume makubwa wakarudi wakamnyang'anya. Baadaye, alipopata tena, akaizuia sauti kooni, akala kwa amani. Hekima hiyo naistahi sana, lakini ilikuwa hekima ya mnyonge aliyeshika mali, akizungukwa na wenye nguvu wasiolipa kitu kwa kunyang'anya. Mezani pa poka hakuna anyang'anyaye bure: alitakaye fungu la katikati sharti atoe chake, na mwenye ree mbili ndiye mwenye nguvu.

Sokwe wa kuzingatiwa hapa ni Mike, aliyekuwa duni wa daraja, ambaye mwaka 1964 aliyatwaa madebe matupu ya mafuta ya taa, akayabamiza huku akiwakimbilia wenziwe, hata Goliath, aliyekuwa mkuu wao, akapoteza cheo chake. Mpinzani wa namna hiyo, apandishaye dau kila mara ilhali hana kitu, ndiye anayehalalisha subira. Akibaki peke yake mbele yako, na nyuma yako hapana mtu, ukimpandishia ataziacha karata zake upate kidogo. Umlipe tu, umwache aendelee, kwani kila kishindo chake ni punje nyingine anazoziongeza katika fungu. Lakini zikifunuka karata tatu za shupaza, wala hakuna shupaza kati ya ree zako, usilipandishe dau hata kama ulikusudia. Lipa, kisha uitazame kwanza karata ya nne.