Programu za Kupanga Miradi na Lugha ya Karakana

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ukweli wa methali hii hudhihirika katika karakana za mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, ambako mageti, madirisha na makabati hutengenezwa kwa oda. Kila oda huwa na vipimo vyake. Kazi ikiwa moja, daftari la fundi hutosha. Zikiwa sita, nazo zikigombania mashine moja ya kuchomelea, daftari huonyesha nani amelipa, lakini halionyeshi ni kazi ipi itakayokwama Alhamisi.

Hapo ndipo zinapofaa programu za kompyuta za kupanga miradi. Misingi yake si mipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi Mmarekani Henry Gantt alieneza chati inayoonyesha kila kazi na muda wake. Katika miaka ya 1950, kampuni ya DuPont ilishiriki kubuni mbinu ya kutambua mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa, mradi wote huchelewa. Chukua mfano wa mfugaji wa Kajiado aliyeagiza tangi la maji kabla ya kiangazi. Chuma kikichelewa kununuliwa, kukata, kuchomelea na kupaka rangi vyote husogea mbele. Gari la kulisafirisha, kwa upande mwingine, laweza kutafutwa rangi ikikauka. Fundi stadi ayajua haya bila kompyuta. Programu humsaidia kuyaona kwa oda zote kwa pamoja.

Tatizo ni lugha. Aghalabu programu hizi hutumia Kiingereza, ilhali mazungumzo ya karakana huwa ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba programu huachiwa karani, naye fundi anayejua rangi hukauka kwa muda gani hashirikishwi. Mpango ukawa wa ofisini, ukweli ukabaki karakanani. Siku ya ahadi ikifika, dipoziti imekwisha kutumika, tangi halijakamilika, na mifugo ina kiu.

Wapo wadaio kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa kazi hii. Dai hilo halina mashiko. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kinachohitajika ni bidii, wala si ruhusa.

Hata hivyo, bidii hiyo isiishie mezani. Vitabu husema arubuni; mafundi wengi husema dipoziti. Istilahi ngeni kwa mtumiaji itamfukuza sawa na Kiingereza kilivyomfukuza. Kwa hiyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kwenda karakanani na kurekodi jinsi mafundi wanavyotaja vipimo, zamu, ucheleweshaji na makabidhiano, kisha kushirikiana na wanafunzi wa kompyuta kuyatia maneno hayo katika programu. Wahadhiri nao waihesabu kazi hiyo kuwa utafiti kamili. Lugha inayofundishwa ukumbini bila kumsaidia fundi kutimiza ahadi yake imefanya nusu tu ya kazi yake.