ULIMI HAUONJI PEKE YAKE

Kuna jambo lililonigombanisha na rafiki yangu, ambaye tulikuwa kama chanda na pete. Jambo lenyewe ni maziwa.

Mimi ni Mpokomo wa hapa Tarasaa. Kwetu samaki hukaushwa kwa moshi, na nikitoka shule harufu ile ikanipokea mlangoni, mate hunijaa kabla sijaona sufuria. Rafiki yangu ni Mworma. Kwao maziwa hutiwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi ili yasiharibike upesi. Muhula uliopita aliniletea chupa moja saa ya chakula cha mchana. Nilinusa tu, nikaziba pua na kusema mbele ya watu, "Aka! Yananuka zizi!" Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo yeye hula peke yake chini ya mwembe.

Sasa hebu niulize: moshi si ule ule? Mbona kwenye samaki ni utamu na kwenye maziwa ni uvundo? Pua yangu haikubadilika. Zilizonusa ni zile hadithi nilizosikia tangu utotoni juu ya watu wa ng'ombe. Naye, tusifichane, samaki wetu huwaona vivyo hivyo.

Wakubwa pia wamo. Nyanya yangu husimulia ukame wa 1984, yalipoletwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu walikuwa na njaa kweli kweli, lakini walipouona ugali wa rangi ile walinung'unika ati ni chakula cha mifugo. Kumbe mahindi ya njano yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A! Tumbo lilitaka, jicho likakataa.

Hata sikio hula. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Zampini na Spence, walieleza jinsi walivyowavisha watu vipaza sauti masikioni wakitafuna krispi za viazi. Mlio ulipoongezwa, walaji walisema hizo ndizo mpya zaidi, ilhali krispi zote zilikuwa za aina moja.

Wengine watasema, basi kila mtu ale cha kwao, kuna ubaya gani? Mimi siafiki. Mwaka 2012 wakulima na wafugaji wa Tana Delta waliuana. Sisemi waligombania maziwa. Ugomvi ulikuwa wa maji na malisho. Lakini neno "yananuka" likishazoeleka kwa chakula, haliendi mbali kabla ya kuwa "wananuka".

Napendekeza siku ya Chama chetu cha Kiswahili tufungwe vitambaa machoni, tuonje vyakula vya kila upande kabla ya kuambiwa vimetoka kwa nani. (Pua najua haifungwi.) Mimi niwekwe wa kwanza, na nianze na maziwa.

Rafiki yangu nilimwomba radhi wiki jana. Alisema "haya" tu, akaenda zake. Ile chupa hajaileta tena shuleni.