Hazina Isiwe Takataka
Jeokashingi ni mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa kwa kufuata GPS. Dave Ulmer aliuanzisha Oregon, Marekani, Mei 2000, kwa ndoo iliyofukiwa nusu, ndani yake mkebe wa maharage. Leo kanuni za wachezaji zinakataza yote mawili: kuchimba huharibu ardhi, chakula huvuta wanyama.

Kanuni hizo ni njema, ila hazitoshi pasipo ruhusa. Bustani ya umma ina mtunzaji. Anayeficha kopo bila kumwuliza ametupa takataka, hata akiiita hazina. Kopo likae karibu na njia, majani yasikanyagwe ovyo, na mchezo ukiisha aliyelificha aliondoe. Sisi wanafunzi wa lugha tunajua: jina zuri halisafishi uchafu.