Usifunge Breki ya Kubahatisha

Eldoret, mji ambao wazee wangali wanauita Sisibo kwa kuwa ulianzia katika Shamba Nambari 64, ni mji uliojengwa na magari ya kazi. Ngano na mahindi ya Uasin Gishu yalitolewa mashambani kwa Land Rover, malori na matrekta, na abiria wa safari ndefu walibanana katika Peugeot 404 na 504. Magari hayo hayakupata heshima ya bure. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, 504, alishinda mwaka wa 1975 na tena 1978.

Baadhi ya magari ya namna hiyo yangali hai. Utayakuta yamefunikwa turubai nyuma ya ghala, au yakipita polepole Uganda Road siku ya Jumapili, mwenyewe ameketi wima kama bwana harusi. Sisi twawapongeza wanaoyatunza. Gari ambalo babu alilinunua kwa pesa za mavuno ni historia ya nyumba hiyo, sawa na picha yake ukutani. Lakini picha ukutani haimuui mtu. Gari lisilo na breki laua.

Na hapo ndipo penye taabu. Duka la spea huweka kile kinachonunuliwa kila siku, nacho ni cha magari ya Kijapani. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililopita miaka minane, kwa hiyo usitazamie meli ituletee gari la zamani la kuchinjwa vipuri. Mwenye gari huzunguka mjini mchana kutwa, na akichoka hukubali kauli hii hatari: “Chukua hii, zinafanana.”

Kufanana si kuwa sawa. Anayeomba “viatu vya breki vya Land Rover” amesema nusu ya maneno. Land Rover fupi ya miaka ya sitini, ile ya inchi 88, hutumia ngoma za breki za inchi 10. Ile ndefu ya inchi 109 hutumia ngoma za inchi 11, na kila gurudumu lake la mbele lina silinda mbili. Isitoshe, mabomba ya breki ya magari ya Kiingereza ya wakati huo yana nati za meno ya inchi, ilhali ya Kijapani ni ya milimita. Nati isiyo yake ikilazimishwa yaweza kushika raundi mbili tatu, fundi akadhani imekaza. Ukweli hutokea siku ya kukanyaga kwa nguvu.

Wako watakaosema kwamba mafundi wetu wa jua kali hawashindwi na kitu. Twakubali kwamba ni hodari, na bila wao magari haya yangekuwa vyuma chakavu zamani. Kupigilia bitana mpya kwa ribiti kwenye viatu vya zamani ni kazi halali. Kuivisha silinda iliyolika ganda jipya la ndani, kwa mashine na kwa kipimo, ni kazi halali pia. Lakini kukata raba ya silinda kutoka katika mpira wa gurudumu si ufundi. Kuweka silinda ya upana mmoja kushoto na ya upana mwingine kulia si ufundi, kwani upande mmoja utashika kuliko wa pili na gari litavutwa kando. Kumimina mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki ni vibaya zaidi: raba huvimba na kuharibika.

Ajaribuye na ashuke kutoka Iten kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio. Huo ni mteremko wa zaidi ya mita elfu moja. Ngoma hupata moto, na mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi na kunyonya maji huchemka, kikanyagio kikazama hadi chini. Magari mengi ya enzi zile yana mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Na anayekuja mbele yako hakuchagua spea zako.

Tufanye nini basi? Kwanza, mwenye gari aende dukani na kile kipuri cha zamani mkononi, pamoja na nambari ya chasisi, na kipimo kichukuliwe kabla pesa hazijatoka. Anunue kwa jozi, kushoto na kulia. Pili, wenye magari ya aina moja hapa mjini na washirikiane kuagiza kutoka Uingereza au Ufaransa. Gharama ya mzigo mmoja ikigawanywa kwa watu watano haiumi sana. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi, kama Eldoret National Polytechnic, vivitunze vitabu vya zamani vya magari haya, kwa maana wazee waliovijua vipimo kwa kichwa wanatutoka. Vijana wafundishwe pia kutopuliza vumbi la breki za zamani, kwani nyingi zilitiwa asbesto, nayo huharibu mapafu.

Kwa wenye maduka twasema hivi: Shirika la Viwango lipo tangu 1974, na sheria dhidi ya bidhaa bandia ipo tangu 2008. Lakini askari hawezi kusimama kwenye kila kaunta. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeuza breki bandia anajua afanyalo.

Na kama kipuri cha kweli hakijapatikana, liache gari chini ya turubai lake. Limengoja miaka hamsini. Litangoja mwezi mmoja zaidi. Babu alilinunua liwafikishe watoto wake nyumbani.