Je, Mtaa Huu ni Salama? Tafakari kwa Anayehamia Dar es Salaam

Kila siku, katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, hushuka vijana wenye begi moja, namba ya simu ya ndugu na matumaini mengi. Wengine wamepata nafasi ya chuo, wengine wamehamishwa kikazi pamoja na familia zao, na wengine wanatafuta riziki ambayo shamba la wazazi haliwezi tena kuwapa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Katika miaka kumi, jiji limeongezeka watu zaidi ya milioni moja. Mzazi anayemwaga mwanawe kwa safari hiyo huwa na swali moja fupi: akae mtaa gani ulio salama?

Tunalichukulia swali hili kwa uzito wake, kwa kuwa jibu baya lina gharama. Wenye nyumba wengi jijini hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye ana chake. Mpangaji akigundua katika wiki ya pili kwamba amepanga bondeni, au kwamba binti yake hawezi kurudi nyumbani baada ya jua kuzama, fedha imekwisha kutoka na hairudi. Hubaki hapo akiivumilia hatari kwa sababu ameilipia. Ndiyo maana usalama wa mtaa hupimwa kabla ya kulipa, tena na mwenye kuhamia mwenyewe au mtu anayempenda. Dalali hulipwa nyumba inapopata mpangaji. Jinsi mpangaji huyo atakavyoishi si hesabu yake.

Jina la mtaa na ukweli wake

Wengi wetu huupima mtaa kwa jina lake. Manzese, Tandale na Mbagala hutajwa kwa hofu na watu ambao hawajalala huko hata usiku mmoja, ilhali Masaki na Oysterbay hutajwa kana kwamba uovu hauna njia ya kupita getini. Hofu hiyo ina chanzo. Mwezi Januari 2015, taharuki juu ya vikundi vya vijana waliopewa jina la "panya road" ilienea katika maeneo mengi ya jiji, maduka yakafungwa na watu wakajifungia majumbani. Mwezi Septemba 2022 mashambulizi ya usiku ya vijana wenye mapanga yaliibuka tena, na katika eneo la Kawe yakagharimu uhai. Hatuwezi kumwambia mzazi kwamba hofu yake ni ya bure, kwa maana zipo familia zilizozika.

Hata hivyo, siku ile ya mwaka 2015 ilitufundisha jambo la pili. Uvumi ulisafiri mbali kuliko wahalifu wenyewe, na mitaa ambayo haikuguswa ilifunga milango sawa na iliyoguswa. Ujumbe wa simu uliopita mikononi mwa watu mia hauwezi kuwa kipimo cha mtaa. Tena upo upande wa dhamiri. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani huyo ni pia kijana mwaminifu wa Tandale anayeshukiwa barabarani na kunyimwa kazi kwa sababu tu ya anwani yake. Anayesema "mtaa ule ni wa wezi" amewahukumu maelfu ya watu, ambao wengi wao huamka alfajiri kwenda kutafuta mkate wa watoto wao.

Mambo ya kutazama kwa macho

Tunashauri kufika mtaani mara tatu kabla ya kulipa: mchana, wakati wa magharibi, na siku ya mvua au siku inayoifuata.

Hatari inayosahaulika zaidi haishiki panga. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu na kulikata jiji hadi Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, yakabomoa nyumba, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo, Barabara ya Morogoro imefungwa mara kadhaa pale Jangwani kwa sababu ya maji. Pamoja na hayo, vyumba vya mabondeni hupata wapangaji wapya kila kiangazi, kwa kuwa ni vya bei nafuu na viko karibu na Kariakoo. Mgeni anayefika mwezi Agosti haoni hata tone. Basi atazame alama za maji ukutani, vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali na mifuko ya mchanga mlangoni. Kisha amuulize jirani, wala si mwenye nyumba, maji ya Aprili yalifika wapi.

Magharibi nayo ina somo lake. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Anayetoka kazini Posta saa kumi na moja, akakutana na foleni, hushuka kituoni giza likiwa limekwisha kuingia. Kwa hiyo njia kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni ipimwe kwa miguu, saa ileile itakayotumiwa kila siku. Je, ina taa? Ina maduka yaliyo wazi na mama lishe anayehudumia wateja, au inapita kando ya pagale na uwanja wenye vichaka? Wanawake na wasichana wa mtaa huo hutembea peke yao saa hizo? Wakiwa hawaonekani kabisa, hilo nalo ni jibu.

Ndani ya nyumba, lipo jambo ambalo wanaume hulipita haraka. Katika nyumba nyingi za kupanga, choo na bafu vipo uani na hutumiwa na wapangaji wote. Kwa mama mwenye watoto, hatua ishirini za gizani na mlango usio na komeo ni suala la usalama sawa na mwizi wa barabarani.

Ulinzi wa namna gani?

Likija suala la ulinzi, wengi hutazama ukuta, vioo vilivyopandwa juu yake na mlinzi getini. Vina kazi yake, na hatumlaumu anayevihitaji. Lakini zipo nyumba zenye ukuta mrefu ambamo mtu huibiwa mchana na jirani asishtuke, kwa sababu hajui nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Kaini, aliyekana kuwa mlinzi wa ndugu yake, baadaye alijenga mji. Kila mji umebaki na swali hilo aliloulizwa Kaini. Mtaa hulindwa kwanza na watu wanaojuana.

Hilo pia hupimika. Waulize watu watatu wasiohusiana, labda muuza duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda kijiweni, wakutajie mjumbe wao na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wote watatu wakitaja majina yaleyale bila kusita, na wakajua ofisi iko wapi, umejifunza mengi kuliko utakayojifunza getini. Uliza kama ulinzi shirikishi upo, nani huulinda usiku, na michango yake husomwa mkutanoni au hupotea.

Kisha uliza swali gumu zaidi: mwizi akikamatwa hapa, hufanyiwa nini? Ipo mitaa inayojisifu kwamba kwao mwizi hatoki hai, na mgeni hulisikia jambo hilo kama habari njema. Sisi tunasema wazi kwamba mtaa unaochoma watu moto si salama. Amri ya tano haina kifungu kinachomtoa mwizi, na umati haufanyi uchunguzi. Kelele ya "mwizi!" iliyopigwa kwa makosa, kwa ugomvi wa deni au kwa wivu, inaweza kumwangukia yeyote, na wa kwanza kuangukiwa huwa yule asiyejulikana, yaani mgeni mwenyewe. Mtaa ulio salama ni ule ambao mtuhumiwa hufikishwa polisi akiwa hai.

Wasioweza kuchagua

Yote tuliyoyasema yanamfaa mwenye uwezo wa kuchagua. Wapo wasio nao. Msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi za ndani hakuuona mtaa, hakuiona nyumba, na pengine simu yake imehifadhiwa na mwajiri. Kwake hatari inaweza kuwa ndani ya ukuta ambao sisi tunauita ulinzi. Kijana anayebeba mizigo sokoni hupanga pale kipato chake kinapofika, na mara nyingi hufika bondeni. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikiri kwamba msongamano wa miji mikubwa unaweza kuzaa ukatili. Papo hapo akawasifu maskini wanaogeuza msongamano huo kuwa udugu.

Udugu huo una jina miongoni mwetu. Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1976 waliziweka Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika Afrika Mashariki. Hukusanyika nyumbani kwa watu, mtaa kwa mtaa, na hivyo zina nafasi ya kujua kila mlango. Tunajiuliza kama zinaitumia. Jumuiya inayomfahamu mgeni kwa sababu tu mchango wake haujafika, haijamfahamu bado.

Basi anayehamia aende na barua mbili, ya serikali ya mtaa atokako na ya paroko wake, azipeleke katika wiki ya kwanza, naye ajulikane. Jumuiya nazo, juma hili, zihesabu vyumba vilivyopata wapangaji wapya tangu Pasaka na nyumba zenye wasichana wa kazi ambao hawajawahi kuonekana kanisani wala dukani. Zibishe hodi. Mzazi aliyeko Sumbawanga au Ngara, ambaye usiku huu anamwombea mwanawe, hana namna nyingine ya kufika mlangoni pake.