Kiraka kimoja, bei nne: hatukubali

Wandugu, vijana wa Goma,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga Windows 10. Mashine haikuzimika. Ukiiwasha leo inawaka, Word inafunguka, TFC yako iko pale pale. Kilichokatwa ni viraka vya usalama, zile mise à jour za kila mwezi zinazoziba matundu ambamo wezi wanapitia. Tangu siku ile, kila tundu jipya linabaki wazi kwa asiyelipa ao asiyejiandikisha.

Kuna wanaotuambia: Goma iko na vita, iko na njaa, na nyinyi munatuletea mambo ya Windows? Ndiyo, tunayaleta, juu ni yetu. Ingia kwenye secrétariat yoyote karibu na chuo, angalia mashine zinazochapa kazi za wanafunzi. Nyingi ni za okazi, zimekwisha kutumiwa Ulaya ao Dubai mbele ya kufika huku. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nzima ya mwaka 2015, isiyo na ugonjwa wowote, inafungiwa mlango.

Sasa musikilize bei. Kiraka kile kile, kilichoandikwa na mainjinia wale wale, kiko na bei nne. Shule inalipa dola 1 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza. Kampuni inalipa dola 61, na bei inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mtu wa nyumbani analipa dola 30, ao anakusanya pointi 1,000 za Rewards, ao anakubali mipangilio ya mashine yake ipelekwe kwenye seva zao. Mtu wa Ulaya je? Bure, mpaka Oktoba 2026. Anaingia tu na konti yake ya Microsoft.

Juu ya nini Ulaya bure? Huko watumiaji walisimama. Shirika la Euroconsumers liliandikia Microsoft, likabana, na Septemba 2025 kampuni ikalegea. Tunawapongeza. Lakini kama kiraka kinaweza kutolewa bure Brussels, kinaweza kutolewa bure Goma. Faili ni moja, na kulituma huku hakuhitaji ndege.

Na hizo dola 30, utazilipa na kadi gani? Mabenki ya mji huu yalifunga milango mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia. Ile njia ingine ya kupeleka mipangilio yako kwao inakula mega, na mega tunanunua kwa jasho.

Watasema: mainjinia wanapaswa kulipwa. Kweli, walipwe. Hatuombi programu mpya, wala rangi mpya kwenye skrini. Viraka hivyo vinatengenezwa tayari mpaka Oktoba 2028, kwa ajili ya makampuni yanayolipa. Kazi imefanyika, chakula kimeiva. Tunauliza tu sababu ya kufunga sufuria mbele ya wengine.

Watasema: miaka 10 inatosha, Windows 10 ilitoka Julai 2015. Hapo musitudanganye. Microsoft yenyewe iliendelea kuuza leseni zake mpaka tarehe 31 Januari 2023. Aliyenunua siku ile hakupata hata miaka 3. Hesabu inapaswa kuanza siku ya mwisho ya kuuza.

Watasema pia: nyinyi watu wa Goma munatumia Windows ya wizi. Iko, hatutaficha. Lakini mashine nyingi za okazi zilikuja na leseni yao, na mnunuzi wa kwanza alikwisha kuilipa. Tena virusi haviulizi leseni. Mei 2017, WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali za Uingereza na za inchi nyingi, Microsoft ilitoa kiraka bure hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014. Kumbe inawezekana. Inangojea tu moto ufike kwa wakubwa.

Kwetu moto uko mlangoni. Katika mji huu kuna mashirika madogo yanayohifadhi kwenye mashine za zamani majina ya wanamke waliobakwa, ya watoto waliotoka kwenye vikundi vya silaha, ya mashahidi. Tundu kwenye mashine ya namna hiyo linaweza kumaliza mtu. Na coltan ya Rubaya, pale Masisi, inaingia kwenye vifaa vya dunia nzima. Udongo wetu unatakiwa, lakini mashine ikizeeka mikononi mwetu, hakuna anayetujua.

Njo maana tunadai:

1. Viraka vya Windows 10 vitolewe bure kwa kila mtu, kila inchi, muda wote vinapotengenezwa kwa ajili ya wanaolipa.

2. Kila muuzaji wa programu aandike wazi tarehe ya mwisho ya viraka, mbele ya kupokea pesa, na hesabu ianze siku ya mwisho ya kuuza.

3. Kampuni ikichoka na programu yake, iruhusu wengine waitunze. Usiache nyumba na kuondoka na funguo.

4. Kongo iko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023. Wabunge waongeze humo haki ya mtumiaji kupata viraka.

Na sisi wenyewe tusikae mikono mitupu. Usitupe mashine yako. Kama unaweza kujiandikisha kwa viraka vya mwaka huu, jiandikishe. Kama huwezi, jaribu Linux Mint ao Ubuntu: ni bure, na mashine nyingi za zamani zinaibeba. Wewe teknisia, fundisha wenzako watatu. Mwenye orodha ya majina ya watu aitoe leo kwenye mashine isiyo na viraka.

Wa Ulaya walidai, wakapewa. Na sisi tunadai.