Distribyuta ya Land Rover Kuukuu



Wako miongoni mwetu wenye kuzitunza Land Rover za petroli za zamani, zile Series IIA, nasi twawasifu. Lakini twaona desturi moja haifai kabisa, nayo ni kuitupa distribyuta ya asili, Lucas 25D4, mara injini inapoanza kukohoa, na kuweka mpya ya bei rahisi kwa kuwa inafanana nayo.

Sura si kazi. Ndani ya chombo hicho mna vizito na springi ziwahishazo cheche kadiri injini inavyozidi mbio. Distribyuta ya injini nyingine yaweza kuingia mahali pake bila taabu, gari likawaka vizuri uani, kisha likagonga au likaishiwa nguvu mlimani. Basi mnunuzi na aulize kwanza imetengenezwa kwa injini gani. Muuzaji asiyeweza kujibu aachiwe mali yake.

Kabla ya kutoa fedha, shika mhimili uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, bushi imelika, na mwanya wa pointi hautakaa sawa hata ukipimwa kila asubuhi. Hapo fedha ni ya bushi. Usipocheza, yamkini ubovu ni wa pointi au kondensa tu. Mwanya ni inchi 0.014 mpaka 0.016. Kisigino cha pointi kikilika, mwanya hupungua na cheche huchelewa, kwa hiyo kamu ipakwe grisi kidogo. (Kidogo, ndugu zetu, si kama siagi juu ya mkate!) Pointi zikiungua upesi, shukuni kondensa. Kifuniko nacho kipanguswe kikavu, maana unyevu wa ziwa hauna heshima.

Wengine wapendelea moto wa elektroniki usio na pointi. Hatuupingi, kwani hauna cha kulika. Lakini hufa ghafula bila kuaga, wala hakuna msasa wa kuufufua, hali pointi zikichoka gari hulalamika siku nyingi kwanza. Atakayeuweka na abaki na sahani yake ya pointi na kondensa ndani ya sanduku la vyombo. Zamani gari la Sengerema likizima Busisi lilizimia kwenye foleni ya kivuko. Tangu mwaka 2025 pana Daraja la J. P. Magufuli, kilometa 3 juu ya maji, na malori yako nyuma yako.